Muhogo Uliowaka Buluu

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipokabidhiwa ile taa, na leo nakiri kwamba sikuwa mtu wa kukabidhiwa kitu kama kile. Ilikuwa taa fupi, nzito, yenye kioo cheusi, na ilitumia betri ya Landrova. Ukiiwasha nje mchana huoni kitu. Ukiingia nayo gizani ukamulika chakula kilichoshikwa na ukungu wa aina fulani, ile sumu ya ukungu inawaka, buluu au kijani. Siku hizi wanaiita sumukuvu na kila redio inaitaja. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, Tarime nzima walioijua ni wawili: mimi na mkuu wangu wa kazi, Bwana Afya wa wilaya, na yeye aliijua kwa sababu nilimwambia mimi.

Nilikuwa nimerudi kutoka mafunzo ya miezi sita, kichwa kimevimba. Mtoto wa Kikurya, binti wa fundi baiskeli pale pale Tarime mjini, leo natembea na sanduku la serikali! Mwezi wa kwanza sikukaa chini. Nilimulika soko zima. Ndizi zenye madoa, nyanya zilizopasuka, vitunguu, machungwa, kisamvu, majani ya kunde yaliyokaushwa, kila kitu nilikibeba hadi stoo ya ofisi, nikafunga mlango, nikawasha. Wenye meza sokoni wakawa wakiniona wanafunika bidhaa zao. Sumu sikuipata. Vilivyowaka ni kucha zangu, meno ya Bwana Afya, na shati lake jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga, likang'aa buluu mpaka tukacheka machozi yakatutoka. Shati linawaka na sumu halina, na mimi mtaalamu hata sikujiuliza. Nilikuwa na haraka ya kugundua kitu.

Basi kitu kikaja. Kutoka kijiji kimoja upande wa Nyamwaga, ambacho sitakitaja, iliingia habari kwamba bata wa shule wamekufa. Shule ilikuwa na mradi wa kujitegemea, kuku na bata, na vifaranga wote wa bata waliisha ndani ya wiki moja. Bwana Mifugo alikwenda, akasema si ugonjwa wa kideri, maana kuku wa banda hilo hilo wako salama na wanataga. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyeleta fununu ya muhogo. Alisema bata wale walikuwa wakidonoa makombo kwenye mwamba ambapo akina mama huanika udaga, na udaga wenyewe umeota ukungu.

Niliposikia neno ukungu, nilikuwa nimeshabeba betri.

Niseme kidogo kuhusu udaga, kwa asiyeujua. Muhogo wetu mwingi ni mchungu na ukiula hivi hivi utakudhuru. Kwa hiyo akina mama wanaumenya, wanaulundika chini, wanaufunika kwa majani ya migomba na kuuacha siku tatu au nne. Unaota ukungu mweusi, mweupe, hata wa rangi ya chungwa. Wanaukwangua kwa kisu, wanauponda mabonge, wanauanika juu ya mwamba mpaka ukauke, kisha unasagwa pamoja na ulezi. Ugali wake ni mweusi na mzito, ukila asubuhi unalima mpaka jioni. Mimi nimelelewa na ugali huo. Lakini kule mafunzoni, mwalimu alipoandika ubaoni kwamba ukungu ni adui, niliufuta udaga wa nyumbani kwetu kichwani bila hata kuutetea.

Msimamizi wa mihogo pale kijijini alikuwa mama mmoja mjane, mrefu, wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikaa na mkwe wake, mke wa mwanawe aliyekuwa kazini Mwanza, na wajukuu wawili. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, akanitazama toka kichwani hadi viatuni, akaniuliza kwa Kikurya mimi ni wa ukoo gani. Nilipomtajia akasema, "Basi unajua kula. Ingia." Akanipa uji, na alipoona sanduku langu akanipa pia mihogo miwili mitamu aliyoichimba juzi yake, ya kutafuna njiani nikirudi. Niliitia mkobani.

Kazi yenyewe ilihitaji giza, na ilikuwa saa nne asubuhi. Nikapiga magoti katika kibanda cha mihogo, nikajifunika blanketi gubigubi, taa mkononi, udaga mbele yangu, makalio nje. Nilisikia akina mama wakicheka. Mmoja alisema serikali imeanza kuatamia. Niliwaacha wacheke, nikabonyeza swichi.

Jamani, ule muhogo uliwaka. Buluu ya mbinguni, bonge baada ya bonge, lile lililokwanguliwa na lile ambalo halijakwanguliwa. Moyo ulinienda mbio nikahisi blanketi linapumua. Maisha yangu yote ya utaalamu, miezi saba mizima, yalikuwa yakingoja buluu ile. Nilichomoka nje na vumbi magotini nikasema, "Ipo! Sumu ipo!"

Kicheko kilikatika. Yule mama alikuwa ameshika kisu cha kukwangulia, akakiweka chini polepole. Mwenyekiti hakungoja maelezo, akaamuru kipande cha reli kilichoning'inizwa ofisini kigongwe, na kabla ya saa sita kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Nikapandishwa juu ya kiti, nikasema kwa Kiswahili changu cha mafunzoni kwamba udaga huu una sumu, na kwamba nimeiona kwa macho yangu.

Mzee mmoja aliuliza, "Nani ameitia?"

Nikasema hakuna aliyeitia, ni ukungu. Wakatazamana. Ukungu ule ulikuwepo kwa bibi zao na kwa bibi za bibi zao, na hakuna bata aliyekufa. Sasa iweje mwaka huu uue? Kwao jibu lilikuwa wazi, kuna mkono wa mtu. Na mkono uliolundika, ukafunika, ukakwangua na kuponda ulikuwa unajulikana. Niliona vichwa vikigeuka kimoja kimoja kumwelekea yule mama, naye akabaki amesimama pale pale akiwakodolea macho.

Ningeweza kusema jambo wakati ule. Sikusema, kwa sababu nilikuwa na furaha. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kuipamba. Nilikuwa nimegundua. Mwenyekiti aliponiuliza tuufanyeje udaga, nilitoa amri kama waziri: umwagwe. Magunia sita yaliyokuwa tayari kusagwa yakatupwa shimoni yakafunikwa majivu, na uliobaki katika kihenge cha yule mama ukafungiwa mlango ukatiwa kufuli. Wazee nao wakatangaza kwamba baada ya siku kumi watakaa ritongo, baraza lao la Kikurya, kuamua kama mama huyo atakaa kijijini au atafukuzwa kama mtia sumu. Nilipokuwa nafunga sanduku nilimwona mkwe wake akitoka uani na mtoto mmoja mgongoni, mwingine kamshika mkono, na sufuria yake kichwani. Alikuwa anahamia kwa jirani. Wanawe wasingekula tena kwa mkono wa bibi yao.

Yule mama alinifuata hadi kwenye gari. "Umenisema kwa mdomo wako, binti," aliniambia. "Mbele za watu. Nenda salama." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonichoma kidogo, lakini Landrova ilipowaka nikasahau. Njiani nilitafuna muhogo mmoja kati ya ile miwili nikiimba.

Kesho yake asubuhi nilimvuta Bwana Afya stooni kabla hajavua kofia. Nilikuwa na vipande vya udaga kwenye mfuko wa karatasi, nikavipanga, nikafunga mlango, nikawasha. Buluu. Akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema kumbe serikali haikutupa fedha bure. Kichwa kikazidi kunivimba. Nikamwambia, ngoja mkuu, sasa uone tofauti ya chakula kizuri na kibaya. Nikatoa mkobani ule muhogo mtamu uliobaki, msafi, haujawahi kuona ukungu, nikaukata kati kwa kati na kuuweka chini ya taa.

Uliwaka. Si kuwaka tu, uliushinda udaga. Nyama yake yote ilikuwa na mistari ya buluu.

"Huu nao una sumu?" Bwana Afya aliuliza.

Nilimwambia kwamba mwenzake nimeula jana njiani. Akaniangalia kwa huruma, akaniuliza najisikiaje. Nilijisikia vizuri sana, nilikuwa nimekunywa chai na maandazi matatu. Tukabaki gizani, sisi wawili na muhogo unaong'aa, na hapo ndipo nilipolikumbuka shati lake.

Nilikimbia sokoni, sikutembea. Nilichukua muhogo kwa kila mama aliyekuwa na meza, na kila mmoja nikamwuliza umechimbwa lini, na wao wakadhani nimerukwa na akili. Nikarudi, nikakata, nikamulika. Uliochimbwa asubuhi ile haukuwaka kitu, labda kidogo karibu na ganda. Wa jana ulikuwa na buluu ya kufifia. Wa juzi ulikuwa unawaka kama taa ya kanisani. Nikarudia mara ya pili na ya tatu. Muhogo ukishang'olewa ardhini unaanza kutengeneza mng'aro wake wenyewe, hauhitaji ukungu wala mchawi. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo. Miaka mingi baadaye nililikuta limeandikwa kitabuni na watu wa mbali, nikacheka peke yangu, lakini siku ile lilikuwa langu, nimelipata mimi katika stoo ya Tarime, na nilitaka kurukaruka na kulia kwa wakati mmoja.

Kisha nikakumbuka bata. Bata walikuwa wamekufa kweli. Kama si muhogo, ni nini?

Chini ya sanduku kulikuwa na kifuko cha makapi ya mahindi niliyoyachota bandani kwa bata siku ile, kwa kufuata utaratibu tu. Sikuyamulika, buluu ya muhogo ilikuwa imenipofusha. Sasa niliyamwaga mezani, nikazivunja punje zilizokuwamo, nikawasha. Nyingi zilikuwa kimya. Halafu, huku na huku, punje moja, nyingine, na nyingine, zikatoa rangi ya kijani iliyoingia njano, kama jicho la paka. Hiyo ndiyo rangi niliyofundishwa kuitafuta kwenye mahindi, na nilikuwa nimeibeba sandukuni bila kuitazama.

Nilimwambia Bwana Afya tuondoke sasa hivi. Hakuinuka. Alikuwa mtu wa Ukerewe, mpole, asiyependa kelele. "Taa yako imeshasema uongo mara moja," alisema. "Mimi mwenyewe sasa siiamini. Unadhani wazee wale wataiamini?"

Alikuwa na haki. Ningesimama juu ya kile kiti tena, niseme juzi buluu ilikuwa sumu, leo si sumu, ila kijani ndiyo sumu? Wangeniweka kundi moja na yule mama, watufukuze pamoja. Lakini kulikuwa na njia nyingine, ya zamani, ambayo mafunzoni tuliipitia kwa kicheko. Kifaranga wa bata wa siku moja hushindwa na sumu hii kabla ya ndege wengine wote. Kuku anaivumilia, bata haiwezi. Ndiyo maana kule shuleni kuku walibaki. Nikimlisha kifaranga wa bata chakula chenye sumu hiyo, wiki haiishi bila yeye kusema.

Pale mjini kulikuwa na mama mmoja Mwislamu, mumewe mfanyabiashara wa vitambaa aliyetokea pwani, naye alifuga bata nyuma ya nyumba. Nilifika kwake nikihema. Siku hiyo hiyo asubuhi bata wake mmoja alikuwa ameangua vifaranga kumi na mmoja. Nikamwomba kumi, nikamweleza ni kwa kazi gani.

"Nikupe watoto ukawaue?" aliniuliza.

Nikamweleza tena, safari hii bila taa wala rangi, nikamweleza habari za mama anayekaribia kufukuzwa kwake kwa sababu ya mdomo wangu. Aliwatazama wale vifaranga wanavyohangaika miguuni pa mama yao. Kisha akaenda kuleta kikapu. Aliniambia, "Huyo mmoja namwachia mama yao. Na wewe, mwanangu, siku nyingine uwe unauliza kwanza." Nikasema ndiyo mama, nikaondoka na kikapu kinachopiga kelele.

Siku ya tatu tangu ritongo itangazwe nilikuwa kijijini na kikapu changu. Zilibaki siku saba. Niliomba vifaranga wakae barazani pa ofisi ya kijiji, mbele ya macho ya kila apitaye, ili asitokee wa kusema kuna mchezo. Maboksi mawili, vifaranga watano kila moja. Boksi la kwanza nikawapa unga wa udaga uliofungiwa kufuli kihengeni. La pili nikawapa mahindi ya ghala la kijiji. Majani na dagaa kidogo nikawagawia sawasawa. Mwalimu mkuu wa shule, ambaye bado alikuwa na uchungu wa bata wake, alishika ufunguo wa kihenge na kulala na maboksi chumbani kwake, akayatoa kila asubuhi.

Mahindi niliyatoa chini kabisa ya rundo la magunia, na nilipoyafungua yalikuwa yameshikana mabonge, ya moto ukiingiza mkono. Nilimwuliza mwalimu imekuwaje. Akafunga mlango kwanza. Alisema mwaka ule walitarajia ugeni wa kiongozi kutoka mkoani, na mwenyekiti alitaka mgeni akute ghala limejaa. Basi shamba la kijiji likavunwa kabla halijakauka, mahindi yakapukuchuliwa mabichi na kushindiliwa magunia, magunia yakapangwa hadi darini. Mgeni hakuja. Magunia hayakuguswa. Makapi na yaliyooza ya chini ndiyo waliyopewa ndege wa shule, na yaliyobaki yalikuwa yagawiwe kwa kaya zote wiki iliyofuata. Nilipolisikia hilo la mwisho nilikaa chini juu ya gunia.

Sasa nikaanza kumwelewa mwenyekiti na haraka yake ya kugonga reli. Sikumwona kama mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na muhogo wa akina mama ulikuwa mahali pazuri pa kuitua hofu yake.

Siku mbili za kwanza hakukuwa na kitu. Vifaranga kumi, wote manjano, wote wanakula, wote wanajisaidia. Watu walipita wakicheka. Vijana wakashindana nani atashinda, boksi la muhogo au la mahindi, na wengi walisema la mahindi. Mimi nilikuwa siwezi kula. Nilichutama pale tangu asubuhi nikiwahesabia hatua zao, nikaona kila aliyelala amekufa, nikamgusa, akaamka na kunidonoa. Yule mama alikatazwa kufika barazani. Nilimwona mbali, shambani kwake, akilima peke yake mstari baada ya mstari, na kwenye ua wake hakukuwa na moshi ila ule wa jiko lake mwenyewe.

Siku ya tatu kifaranga mmoja wa mahindi aliacha kula. Siku ya nne alikuwa ameshusha mabawa na wenzake wawili wamejikunja kwenye kona. Siku ya tano asubuhi mwalimu mkuu alikuja kuniita hata hajafunga vifungo vya shati, na tulipofika barazani wawili walikuwa wamekufa. Nawahurumia leo, lakini asubuhi ile, Mungu anisamehe, nilimshika mwalimu mkono nikauminya mpaka akalalamika. Boksi la kwanza, la udaga ule uliofunguliwa kufuli, lilikuwa vurugu tupu. Watano wote, wamenenepa, wanapanda migongoni mwa wenzao, na mmoja akaruka nje kunifuata viatuni.

Habari ilikimbia. Hakuna aliyecheka tena. Watu walikuja, wakatazama boksi moja, wakatazama lingine, wakaenda, wakarudi na wenzao. Hata wazee walikuja na fimbo zao. Mmoja aliinama, akamnyanyua kifaranga wa muhogo, akamnusa mdomo, akamrudisha. Mwenyekiti alipita siku ya sita akatazama kwa muda mrefu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu mtaalamu, na hayo mahindi tungeyala?" Nikamwambia tungeanza kuyala wiki ijayo. Alivua kofia akajifutia uso.

Ritongo ilikaa siku ya saba asubuhi. Kwenye boksi la mahindi alikuwa amebaki mmoja, amelalia ubavu. Ritongo ni ya wanaume, mwanamke hasimami kusema, sembuse binti. Mwalimu mkuu alikuwa tayari kunisemea, na alikuwa amejiandalia maneno mazuri. Nilimwambia hapana. Mimi nilimsema yule mama kwa mdomo wangu, na haikufaa kumsafisha kwa mdomo wa mtu mwingine. Wazee walinong'onezana, mmoja akasema serikali haina jinsia, wakanipa nafasi.

Safari hii sikupanda kiti. Nilisema kwa Kikurya, lugha ya nyumbani. Nilisema taa yangu iliona mng'aro, na mimi kwa kiherehere changu nikauita sumu. Nilisema muhogo wote huwaka ukikaa, hata ule niliokula mimi. Nilisema hakuna aliyetia kitu, si kwenye muhogo wala kwenye mahindi, mahindi yameoza kwa sababu yalitiwa gunia mabichi. Nilisema magunia sita ya udaga yamo shimoni kwa amri yangu na hayatarudi, na kwamba nimekosea. Sijawahi kusema neno gumu kiasi kile mbele za watu, na nilishangaa jinsi lilivyo fupi.

Nilidhani mwenyekiti atabisha. Alisimama, akasema yeye ndiye aliyeharakisha mavuno. Basi tu, akakaa. Wazee hawakuchukua muda. Mahindi ya ghala yasiliwe na mtu wala mnyama. Muhogo hauna neno. Mama abaki kwake. Watu wakaguna kukubali.

Nilidhani yameisha. Yule mama alikuwa amesimama nyuma kabisa, nje ya duara. Hakunishukuru, na kwa nini anishukuru? Alinipungia mkono tu nimfuate, na nusu ya kijiji ikatufuata sisi wawili hadi uani kwake. Akafungua kihenge, akatoa udaga ule ule, akausaga na ulezi kwenye jiwe lake huku sote tunatazama, akasonga. Akautua katikati ya ua, mweusi, unatoa moshi, na bakuli la mlenda pembeni. Kisha akakaa chini.

Hakuna aliyesogea. Walikuwa wamekubali kule kwenye ritongo, walikuwa wamewaona bata, na bado hakuna aliyesogea. Kukubali kwa kichwa ni jambo moja, kuingiza tonge mdomoni ni lingine. Damu ilinipanda. Nikanawa mikono haraka, nikapiga goti, nikamega tonge kubwa ili kila mtu aone. Yule mama akanipiga kofi mkononi, tonge likaanguka.

"Weka chini," alisema. "Wewe ni mgeni. Mgeni hula chochote, kisha anapanda gari anaondoka. Ukila wewe watasema una dawa zako."

Nikarudi nyuma, uso unaniwaka. Akabaki amekaa pale na ugali wake, mikono mapajani, hamwiti mtu, hamtazami mtu. Mvuke wa ugali ulianza kupungua. Niliwaza kwamba sasa taa yangu haiwezi kitu, na bata hawawezi kitu, na maneno yangu yote niliyoyatoa asubuhi hayawezi kitu, na kwamba kama hali ndiyo hii huyu mama atakaa kijijini humu miaka yake yote iliyobaki akipika chakula cha mtu mmoja.

Mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni pa ua, mkubwa kamshika mkono, mdogo mgongoni. Alikuwa msichana tu, labda umri wangu. Alikuwa ameuma mdomo. Aliangalia ugali, akaangalia watu, kisha akaingia ndani ya ua akipita katikati yetu. Alipofika mbele ya mama mkwe wake alifungua mbeleko, akamtoa mtoto mgongoni na kumweka mapajani pa bibi yake. Halafu akakaa chini pembeni, akakunja mikono, akangoja.

Yule mama alinawa, akamega tonge dogo, akalichovya kwenye mlenda, akalipuliza mpaka likapoa. Mtoto akafungua mdomo.